Nafasi Moja Ukutani

Jumatatu, 3 Machi

Nimechokozwa! Jirani yangu, tunayemwita Mzee Tai kwa sababu huvaa tai hata akienda kununua chumvi, kapiga picha kwa kinyozi. Bila kukusudia, eti. Alitaka kupiga picha ya kipara chake kipya, simu ikageuka. Ikamnasa kinyozi kainama juu ya mteja, wembe mkononi, mwanga wa mlangoni shavuni. Mjukuu wangu, mwalimu wa kuchora, akafungua kitabu cha michoro ya kale, akaiweka picha pembeni. Mama yangu! Mwanga uleule, giza lilelile, mpaka mkunjo wa taulo. Mchoraji kafa kabla babu wa babu yangu hajazaliwa, lakini alishamjua kinyozi wetu. Nilitaka kudharau, nikajikuta naitazama tena.

Inatundikwa maktabani Jumamosi, kwenye maonyesho ya picha. Imebaki nafasi moja ukutani, na mjukuu ndiye mchaguaji. Sharti: picha isiwe ya kupangwa. Mjukuu wa damu yangu amsifie Mzee Tai? Haiwezekani!

Jumanne, 4 Machi

Nimempanga mke wangu dirishani kama mama mmoja wa kwenye kile kitabu, shuka kichwani, jagi la maziwa mkononi. Akauliza nani kafa. Nikamwambia amimine taratibu, awaze mambo ya mbali. Akasema anawaza jambo la karibu sana, nalo ni kunimwagia. Halafu mwanga ukamgusa mikono, nikasahau kubonyeza. Miaka yote hii nalishwa na mikono ile, sijawahi kuitazama!

Nilipokumbuka kubonyeza, alikuwa na sura ya mtu anayesubiri polisi. Mjukuu kaikataa. Kasema, Babu, hapa kila kidole kinajua kinapigwa picha.

Jumatano, 5 Machi

Siri nimeipata! Wale wachoraji hawakuwa na umeme. Nikafunga mapazia, nikazima swichi kubwa ya nyumba. Mke wangu, ambaye ni fundi cherehani, alikuwa katikati ya pindo la gauni la bi harusi. Mashine ikakata roho. Nikawasha mshumaa chapuchapu. Uso wake ukachomoza gizani kama dhahabu, macho yanawaka. Uzuri wa kutisha! Bahati mbaya ulikuwa unanijia mimi.

Picha inaonyesha dari na kiatu kikiwa hewani. Mjukuu kasema kiatu kina hisia, ila hapana.

Alhamisi, 6 Machi

Ajali haiji yenyewe? Basi iletwe. Nikamnong'oneza kinyozi kwamba Mzee Tai anasema ananyoa kama anayefyeka majani. Nikamnong'oneza Mzee Tai kwamba kinyozi anasema ile tai inazuia damu kupanda kichwani. Wakavaana kwa maneno, vizuri sana, mikono hewani, mteja katikati na povu lake mashavuni. Mchoro kamili! Nikapanda juu ya kiti kingine cha kunyolea nipige kutoka juu.

Nilisahau jambo moja. Kile kiti kinazunguka.

Ijumaa, 7 Machi

Kiuno! Naandika nimelala kifudifudi.

Mke wangu alikuwa kaja kuniletea miwani. Simu yangu iliruka mpaka miguuni pake. Akaiokota, akataka kuizima, akabonyeza pa kupigia picha bila kujua. Mjukuu kaiona hiyo picha, kajifuta macho. Nafasi ya mwisho kapewa bibi yake! Mimi nimeambiwa nitajiona ukutani.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeiona. Jamani.

Niko katikati, mdomo wazi, mkono mmoja unaburuta sakafuni. Kinyozi ananifunika shuka jeupe. Mteja wa povu anatazama juu kama anayeomba. Mzee Tai kanishika kwapani, tai yake imelala kifuani mwangu, na ule uso wake... Sikujua kama mtu yule ananipenda. Watu wakifika pale wanashusha sauti. Mama mmoja kampa mke wangu pole ya msiba. Akajibiwa kwamba marehemu bado yupo, ila anajitahidi.

Mjukuu kanieleza kwa upole kwamba uzuri wote umetokana na jambo moja: hakuna aliyejua kuwa anapigwa picha. Nimemwelewa kabisa. Mwezi ujao wanatundika nyingine, kwa hiyo nimeshapatana na kinyozi. Safari hii nitaanguka kwa upande wa kushoto, tumbo lisionekane. Mzee Tai kakubali kuhuzunika vilevile. Na mke wangu nimemchorea alama ya chaki mlangoni, mahali pa kusimama akiwa hajui lolote.