Taa ya Njano ya Bwana Urbanus

Jumatatu, 1 Juni 1998

Madaraka Dei. Nchi inasherehekea kujitawala, mimi natawaliwa na Syokau. Tangu Januari alipohama ploti yetu hapa Kawangware 46 kwenda kufanya kazi ya nyumba mtaa wa Ayany, sijapata amani. Mlango wa chumba alichokuwa akiishi na shangazi yake, Mama Collins, unatazamana na wangu. Pale alipokuwa akiketi kusuka nywele sasa pamewekwa gunia la makaa. Kila asubuhi nikitoka nasalimia gunia.

Leo nimekwenda Toi Market na redio yangu. Nimerudi bila redio! Nimebadilishana na kidude cheusi chenye kioo kidogo, vitufe vinne na waya mnene. Muuzaji ameapa kwa jina la mamake kwamba kiliachwa na Mzungu aliyerudi kwao, na kwamba ukikichomeka chini ya usukani gari linakiri dhambi zake zote.

Hapo ndipo nilipoona mwanga. Fundi wa spana huambiwa asubiri nje ya geti. Fundi wa kompyuta huingizwa ndani, huketishwa, huletewa chai. Na chai ya huko Ayany, huletwa na nani?

Jioni jirani amenikumbusha Kombe la Dunia linaanza wiki ijayo na mimi sina redio. Nimemwambia sijali. Najali.

Jumatano, 3 Juni

Gereji. Yaani kile kipande cha vumbi kando ya Naivasha Road ambapo Munyao hutengeneza magari na mimi humshikia tochi. Nimejaribu kidude kwenye pikapu, kwenye teksi, kwenye gari la mkate. Hakuna tundu! Magari yote haya yalizaliwa kabla ya kompyuta. Nimepapasa chini ya usukani wa teksi nikatoka na kitana na mbegu ya embe.

Munyao ameuliza kama hicho kidude kinapika. Wateja wamecheka. Nami nimecheka, ili nisionekane nimeumia.

Mama Collins amenisimamisha kwenye bomba la maji. Amesema Jumapili nisiende mbali, nije kwake nile, ana mgeni. Nimeuliza mgeni gani. Amesema mgeni ni mgeni, mama mwenye heshima hatangazi wageni wake kwa wanaume bombani. Watu wa kwaya ya kanisa lake tena! Wakinipata wataniuliza nimeokoka lini. Nimesema nitaona.

Jumamosi, 6 Juni

Kama magari ya Kawangware hayana tundu, basi nitalifuata tundu liliko.

Nimekwenda Ayany na koti jeupe la kuazima kwa muuza nyama. Ken, askari wa geti, ameniuliza nimeleta matumbo ya nani. Nimemwambia mimi ni daktari wa magari. Amelitazama doa la damu kifuani akasema kweli wagonjwa wangu wanateseka, akanifungulia. Simpendi Ken. Ana sare, ana kofia, na anamfungulia Syokau geti kila siku ya Mungu.

Lakini bahati ilikuwa yangu. Mwajiri wa Syokau, Bwana Urbanus, mtu wa bima, ana gari refu la bluu aliloachiwa na Mzungu wa shirika fulani. Kwenye dashibodi yake imewaka taa ya njano yenye picha ya injini, na haizimi. Mafundi wawili wamechungulia wakasema gari ni zima. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nimeinama, nimepapasa, na tundu hilo hapo! Plagi imeingia kwa raha, kioo kikawaka, ikaja herufi moja na namba nne.

Sikujua maana yake hata kidogo. Nimetikisa kichwa polepole na kusema ubongo wa gari una mawazo. Bwana Urbanus ameguna kwa huruma. Nimebonyeza kitufe cha kufuta. Taa imezimika!

Ndipo Syokau akaja na chai. Amepata mashavu. Akacheka akasema, "Ai, Ouma, kumbe siku hizi we ni daktari?" Miezi yote hii nimekuwa nikipanga nitakachomwambia. Nikafungua mdomo. Nikasema sukari inatosha.

Jumapili, 7 Juni

Nimezunguka nje ya geti la Ayany mchana kutwa nikijifanya nangoja mtu. Ken amesema Syokau ametoka. Kaenda wapi? Amesema yeye analinda geti, halindi watu wakishatoka. Nimerudi jioni na vumbi. Mama Collins amenipa chakula kilichopoa na kunitazama kama mtu aliyekosa basi lililosimama mlangoni kwake.

Jumanne, 9 Juni

Bwana Urbanus mwenyewe amekuja gereji. Taa imerudi! Munyao ameangusha spana. Nimepanda gari mbele ya wateja wote, nikawapungia mkono, tukaenda Ayany.

Leo nimetumia akili. Nimelizunguka gari, na nyuma nikakuta kifuniko cha tangi la petroli hakipo. Kiliibwa, kama vinavyoibwa vya kila mtu Nairobi, na Bwana Urbanus, kama kila mtu Nairobi, akaziba kwa tambara na karatasi ya nailoni. Gari la kwetu huvumilia tambara hadi uzee. Hili la kompyuta likinusa mvuke wa petroli unatoroka, linashtaki. Nimeligundua mwenyewe! Nimerudi kununua kifuniko kwa Munyao, nimekifunga, nimefuta, nimemaliza.

Chai na mkate wa siagi. Syokau amesimama mlangoni na kitambaa cha vyombo begani, jua likiwa nyuma yake. Nilitamani gari lingekuwa na ugonjwa mwingine.

Ijumaa, 12 Juni

Taa haijawaka. Jana pia. Hakuna aliyeniita. Mjinga mimi! Nimeliponya gari na kujifukuza kazi. Daktari mwenye akili humwachia mgonjwa kikohozi kidogo.

Ploti nzima imejaa kelele za mpira kutoka redio za watu. Mimi nasikiliza paka. Usiku huu ningempa mtu kidude, koti na viatu, anirudishie tu Syokau akiwa ameketi pale penye makaa, akiniambia nimemwaga maji mlangoni pake.

Jumapili, 14 Juni

Mama Collins ameniambia tena mgeni yuko. Nimemwambia nina shughuli muhimu. Nilikuwa nayo!

Ayany, Ken akiwa amezama kwenye mpira wa redioni, nimemwambia nakuja kukagua mgonjwa. Nimeondoa kifuniko cha tangi, nimerudisha tambara na nailoni, nimeondoka. Kifuniko mfukoni. Syokau hakuwepo tena. Mbona huyu msichana Jumapili hapatikani? Nimeingiwa na wivu, wala sijui namwonea nani.

Jumatano, 17 Juni

Taa imewaka! Bwana Urbanus amekuja gereji na uso wa mtu aliyefiwa. Nimemfariji.

Kisha nimebuni mpango wa mwaka. Kidude hiki, gari likitembea, huonyesha mwendo, joto la injini na jinsi inavyozunguka. Nimemwambia Bwana Urbanus kwamba lazima tulijaribu barabarani: yeye aendeshe, mimi nisikilize injini, na mtu wa tatu akae nyuma na kidude asome namba kwa sauti. Nani? Mama Audrey, mkewe, alikuwa amelala. Mtoto Audrey hajui namba kubwa. Amebaki nani?

Tumepanda Ngong Road. Syokau nyuma yangu, waya umepita begani mwangu. Akasoma, "Elfu mbili na mia moja." Nikasema vizuri. Akasoma, "Tisini." Nikasema vizuri sana. Nimewahi kusikia watu wakizungumza siku nzima bila kufikia utamu huo. Sauti yake kwenye shingo yangu! Ningependa tufike Naivasha, tufike Kisumu kabisa, nimwonyeshe mama.

Tulipokuwa tunarudi aliuliza kwa sauti ya chini, "Ouma, na wewe ukichomekwa hii kitu, itasema nini?"

Bwana Urbanus alinitazama kwa pembe ya jicho. Nikajibu kwamba hii ni ya magari peke yake.

Jumamosi, 20 Juni

Aibu. Aibu tupu.

Nilirudi Ayany kutibu taa: nifunge kifuniko, nifute, ninywe chai, kisha wakati wa kuondoka nikifungue tena. Nilifika hadi hapo pa mwisho. Natoka getini, Ken akanipapasa kama kawaida ya askari, akakipata mfukoni.

Hakupiga kelele za mwizi, namshukuru kwa hilo, la sivyo nisingekuwa naandika. Lakini alinipeleka kwa Bwana Urbanus akiwa amenishika mkanda, na habari ikaenea kuliko moshi. Wenye magari wa mtaa mzima walikuja, kila mmoja akidai kifuniko chake. Mzee mmoja alileta tambara lake kama ushahidi. Mama mmoja alidai pia vioo vya pembeni. Nimewahi kuiba kimoja tu, tena nilichonunua mimi! Nani angeamini?

Ndipo Syokau akatoka jikoni, mikono ina povu. Akasema huyu si mwizi. Akasema, "Amekuwa akiharibu gari ili apate kuja kuniona mimi." Hata Ken aliachia mkanda.

Mama Audrey akacheka mpaka akashika ukuta. Akasema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Akanigeukia akaniuliza mbele ya watu wote kama ni kweli. Uso wake haukuwa na hasira. Hata Bwana Urbanus alianza kutabasamu. Syokau alinitazama akingoja. Neno moja tu lilitakiwa, fupi, hata mtoto angelisema.

Nikasema hapana, ulikuwa utafiti wa kitaalamu.

Bwana Urbanus amenipiga marufuku kugusa gari lake maisha yangu yote. Wenye magari wametawanyika. Syokau alinisindikiza hadi getini. Hapo akasema, "Mgeni wa shangazi ni mimi, Ouma. Mwezi huu nimeanza kupewa off kila Jumapili, kila Jumapili nakuja ploti, naketi nikitazama mlango wako una kufuli. Kesho siji, Mama Audrey ana wageni. Jumapili ile ingine nitakuja. Wewe kaa tu hapo. Usilete kitu, usibuni kitu. Kaa."

Nimetembea hadi Kawangware bila kuhisi miguu.

Alhamisi, 25 Juni

Nimehamisha gunia la makaa. Mama Collins ameuliza kwa nini. Nimesema basi tu. Ameimba siku nzima. Nimefua shati. Nimefua tena. Hadi Jumapili ni mbali jamani!

Jumapili, 28 Juni

Niliamka kabla ya jogoo. Nilikaa. Nilivaa shati nikakaa tena, mlango wazi. Saa ngapi watu huja kutoka Ayany? Nikakaa.

Lakini nilipokaa nilifikiri. Amesema nisilete kitu. Mwanamke akisema usilete kitu, ana maana gani? Baba yangu hakwenda nyumbani kwa kina mama yangu mikono mitupu! Nikasema nitakimbia Toi mara moja, nibadilishe kidude na kitu cha kumfurahisha, nirudi kabla hajafika. Niliharakisha. Muuzaji yule yule alitaka mjadala. Alinionyesha hereni, moja haina mwenzake. Alinionyesha kioo. Halafu akatoa chuma cha kulehemu, cha kutengeneza televisheni, kizuri ajabu, na akili yangu ikaanza kunong'ona.

Nimerudi jua limeshuka, chuma cha kulehemu mkononi. Pale nilipoondoa gunia palikuwa na kigoda kitupu. Mama Collins alikuwa anaosha vyombo, hakuinua kichwa. Alisema alikuja mapema, akaketi hapo akitazama kufuli mpaka saa ya kurudi ilipofika. Alisema hakula. Alisema mengine kwa Kikamba, na sikuomba anitafsirie.

Nimeumia. Nimeketi kwenye hicho kigoda mpaka baridi ikanifukuza. Ningeweza kulia. Nimelia kidogo, majirani walikuwa kwenye mpira.

Hata hivyo! Leo usiku Nigeria inacheza, Nairobi nzima inatafuta televisheni, na jirani mmoja aliyepita Ayany anasema ya Bwana Urbanus inaonyesha chengachenga tupu, picha hakuna. Bwana Urbanus alinikataza gari. Televisheni hakuitaja. Fundi wa televisheni huingizwa hadi sebuleni, hatua mbili kutoka jikoni! Nimeshapanga. Jumapili ijayo, asubuhi na mapema, nafunga mlango wangu kwa kufuli na kwenda kupanda juu ya paa la Ayany. Nitageuza antena polepole, nisiharakishe, nikae huko mchana kutwa, hadi Syokau atoke nje na chai.