Orodha Yangu ya Wauza Ndagala

Jumatatu, 3 Novemba
Redio imesema tena: muswada uko bungeni. Ukipita, samaki wote wa ufukweni, hata ndagala, dagaa wetu wadogo, watanunuliwa na kampuni zenye kibali tu. Akina mama wa beseni, kwaheri. Mke wangu Sumaya anauza kwa beseni, mwaka wa kumi na moja huu. Rumonge nzima imechemka. Wanatafuta kiongozi wa maandamano. Nani kama si mimi? Fundi cherehani, nimesoma, sauti ninayo. Nimeshajishonea shati.

Jumanne, 4 Novemba
Mkutano nyuma ya soko. Wamemchagua Esperance! Mjane kutoka Uvira, muuza samaki wa mukeke, hana hata shati la mkutano. Nilisimama nihutubie. Nilipofika "ndugu zangu", wakaanza kumpigia makofi yeye. Ukatibu je? Wamempa Meshaki, fundi wa ng'ambo ya barabara, aliyeninyang'anya kazi ya kushona sare za shule. Mimi nitabeba maji ya kunywa. Maji!

Jumatano, 5 Novemba
Wazo! Nimekwenda kwa chefu wa zone, mkuu wa serikali hapa kwetu. Tukasalimiana kwa amani: amahoro, amahoro. Nikamweleza kuwa mimi ni mtu wa amani, naweza kupatanisha. Akataka majina ya viongozi ili awaite wazungumze. Vizuri sana: wao huku, yeye kule, mimi katikati. Majina mawili yalionekana machache kwa mpatanishi wa hadhi yangu. Nimeongeza, yamefika kumi na tisa. Meshaki wa kwanza.

Alhamisi, 6 Novemba
Sijawahi kuona watu wengi vile. Akina mama walipiga beseni tupu tangu bandarini hadi barabara kubwa. Wavuvi wa Magara walikuja kwa baiskeli. Hata mimi nilisahau maji, nikaimba nao nyimbo za kuwakejeli wakubwa. Kisha askari wakafika na karatasi. Hawakumwita mtu kuzungumza. Jina, pingu. Jina, pingu. Esperance alikataa kuachia beseni lake, wakamvunja mkono. Mzee Kassimu, niliyemwandika kujaza ukurasa tu, wamemtoa kwa kinyozi, kichwa kimenyolewa nusu. Mimi nilikuwa chini ya meza ya mihogo. Shati limechanika.

Ijumaa, 7 Novemba
Sumaya alipeleka chakula kasho, walikofungiwa. Karatasi ilikuwa mezani kwa askari. Amerudi, hakuketi.
"Djibril, ile karatasi iko ya kitabu chako cha vipimo. Nyuma kuna vipimo vya gauni ya Esperance. Kifua tisini na nane."
Nikasema labda ukurasa uliibwa.
"Na muandiko? Nao waliiba?"
Nikamwapia kwamba nia yangu ilikuwa amani. Alikuwa anafunga nguo zake. Amekwenda kwa kaka yake, Nyanza-Lac. Hakuaga. Nimekula muhogo mbichi.

Jumatatu, 10 Novemba
Muswada umewekwa kando! Wote kumi na tisa wameachiwa. Mji ulicheza. Meshaki alibebwa mabegani kama bwana harusi. Nilimfuata Esperance, mkono umefungwa plasta, nikampa pole. Akasema kwa upole kabisa, "Nirudishie kitambaa changu. Meshaki atanishonea." Afadhali angenitukana. Nilienda kulia nyuma ya cherehani. Nimempigia Sumaya mara sita. Kaka yake ndiye anayepokea.

Jumanne, 11 Novemba
Hakuna mteja. Watu wanavuka barabara wasipite mlangoni kwangu. Jioni amekuja chefu mwenyewe. Wakubwa wanauliza nani alitunga zile nyimbo za kuwakejeli. Nikamjibu wazi kuwa sitaji mtu tena maishani, kwamba yaliyopita yamenifundisha. Amesema ananielewa. Akainuka. Mlangoni akakumbuka kwamba anatafutwa mwakilishi wa mafundi, kwenda semina Bujumbura. Siku mbili, hotelini, picha na mawaziri. Akasema alikuwa anamfikiria Meshaki.

Nimemwomba aketi kidogo, nitafute kalamu.