Simu Zilizozimwa Hazisikilizwi

Idara ya Ukanushaji, ambayo mimi ni mchapaji wake mwandamizi kwa kuwa mchapaji ni mmoja, inapenda kuwatangazia wananchi kwamba serikali haina uwezo wowote wa kusikiliza watu kupitia simu zilizozimwa. Uwezo huo utasimama Jumapili kupisha matengenezo ya mitambo.

Mkurugenzi alisaini mwenyewe. Tangazo likabandikwa mji mzima, hadi mlangoni kwa shangazi yangu, fundi cherehani, aliyelisoma ameziba pua. Bomba la maji machafu lilikuwa limepasuka mbele ya kibanda chake tangu miezi minane iliyopita. Wateja walimrushia vitambaa kutoka ng'ambo ya barabara na kumpigia kelele vipimo vya viuno vyao. Sasa hata hao walikwisha. Ilibaki suruali moja, kisha afunge kibanda. Barua zake kumi na moja "zinashughulikiwa".

"Mtoto wa kaka, hawa jamaa wanasikia kweli simu ikiwa imezimwa?"

"Hawasikii, shangazi. Nimechapa mwenyewe."

"Nimekuuliza wanasikia, sijakuuliza umechapa nini."

Nikatazama dari. Ukanushaji ni taaluma.

Shangazi akazima simu, akaiweka juu ya cherehani, akaiinamia kama anayemwamsha mgonjwa. "Shikamoo serikali. Bomba limepasuka huku."

Siku mbili, kimya. Fundi simu wa kibanda cha pili akacheka mpaka bisibisi ikamdondoka.

"Mama, wale hawapokei shida, wanapokea njama. Wape njama!"

Shangazi akazima tena. "Wenzangu," akanong'ona, "mkutano wa siri ni hapahapa, kwenye bomba lililopasuka. Tukinyang'anywa bomba hili, hatuna njama tena."

Asubuhi wakaja wanaume sita wenye miwani myeusi, kila mmoja na suruali ya kupunguza. Walikaa kwenye benchi nusu saa, leso puani, kisha mmoja akatoka kutapika kwa niaba ya wenzake. Kufika alasiri bomba lilikuwa jipya, limefukiwa, na juu yake pamebandikwa karatasi niliyoichapa mimi: "Bomba hili halijatengenezwa na mtu."

Wateja wakarudi, wengine na suruali za miezi minane. Mtaa nao hauna siri. Ndani ya wiki mbili, kila penye shimo palikuwa na mapinduzi; mashimo yakafukiwa, taa za barabarani zikawaka.

Mkurugenzi alisoma faili la shangazi mara tatu: mara mbili kwa hasira, mara ya tatu kwa utulivu wa mtu aliyepata wazo. Choo chake cha ghorofa ya nne hakikuwa na maji tangu mwaka jana. Barua zake pia zilikuwa zinashughulikiwa, na mtu mzima na cheo chake alikuwa akishuka ngazi kupanga foleni na mimi.

Siku hiyo nikamsikia amejifungia chooni humo, simu imezimwa. "Wenzangu, serikali tunaiangusha kesho. Silaha zimo ndani ya tangi la choo hiki. Ndiyo maana halijai."

Walikuja upesi, tusiwanyime haki yao. Mchana uleule choo kikapata maji, vigae vipya na kioo cha kujitazamia.

Mkurugenzi hajarudi kukitumia. Mkewe alipokuja kuulizia, nilimchapia jibu rasmi: Idara haimjui mtu huyo, na anakula vizuri.