Malalamiko Dhidi ya Mthamini Anayekwenda Kuiona Nyumba

Mocímboa da Praia,
Jumatano asubuhi, kabla wateja hawajaingia

Mheshimiwa Bwana Mkurugenzi wa Mikopo,

YAH: DONA CRISTINA NA TEPU YAKE

Nakuandikia kwa heshima zote, na kwa kinyongo kidogo ambacho nilijitahidi kukiacha nyumbani nikashindwa. Mimi ni Jamaldine Nazir, muuzaji wa mikopo ya nyumba katika tawi hili. Kazi yangu ni kumshawishi mtu aweke nyumba yake rehani, na mkopo ukiwa mnono, kamisheni yangu nayo hunona. Kazi ya Dona Cristina, mthamini mliyetuletea mwezi wa pili, ni kuandika nyumba hiyo ina thamani gani. Watu wawili wa namna hii walitakiwa kuelewana kama pacha. Hatuelewani, na sababu ni hizi:

1. Anakwenda kwenye nyumba. Mthamini aliyestaafu, Senhor Virgílio, hakuwahi kuchafua viatu vyake kwa jambo hilo. Aliuliza swali moja tu, mteja anataka kiasi gani, kisha akakiandika kiasi hichohicho kwa mwandiko mzuri sana. Hatukugombana hata siku moja. Ni kweli kwamba leo benki ina nyumba saba ilizozitwaa ambazo hakuna anayezitaka hata kwa nusu ya bei, na waliokuwa wenye nyumba wamejibana kwa ndugu zao. Lakini hayo ni ya idara ya madeni, na mimi sina tabia ya kuingilia kazi za wenzangu. Dona Cristina anabeba tepu ya kupimia, anaazima ngazi, anapanda juu ya bati. Mtu mzima, mwenye diploma, juu ya bati.

2. Hataki kuambiwa bei. Nimemwekea karatasi yenye bei mezani kwake. Nimemwekea chini ya kikombe cha chai. Nimemtumia kwenye simu, tena na maua. Ile ya mezani alinirudishia ikiwa imegongwa muhuri na maneno haya kwa wino wa bluu: imepokelewa, haijasomwa. Nauliza kwa nia njema kabisa, mtu atapataje jibu sahihi kama hataki kuambiwa jibu?

3. Anadharau mila zetu. Hapa pwani mgeni aliyekuja kwa shughuli hulishwa kwanza, shughuli hufuata. Bi Awa, mjane wa mtaa wa Milamba aliyekuwa mteja wangu, alipika wali wa nazi na nguru niliyemnunua mimi mwenyewe sokoni, kwa pesa yangu. Dona Cristina alimshukuru, akaomba sahani ifunikwe, akapima nyumba yote, akajaza fomu, akatia sahihi, ndipo akanawa mikono. Alikula sana, akaomba na ukoko. Nguru mzima ameliwa baada ya sahihi, Bwana Mkurugenzi. Sijui ni kwenye fungu gani nitadai hasara hiyo.

4. Nyumba ya Bi Awa yenyewe. Hapa ndipo kidonda kilipo. Ripoti niliyomwandalia Dona Cristina ili asichoke kuandika ilitaja "mandhari ya bahari", "bustani tulivu nyuma ya nyumba" na "bei ya wakati gesi ya baharini itakapoanza kutoka". Yeye akaandika kwamba bahari haimo uani. Akaandika kwamba bustani tulivu ni makaburi mawili, la mume na la mkwe, na hakuna atakayenunua nyumba ili azuru marehemu wa watu wengine. Kuhusu gesi akaandika kwamba hakuiona. Kiwanja chenyewe hakukitia bei, akanikumbusha kwamba ardhi ni ya Serikali, kana kwamba mimi sikusoma. Akahesabu kuta, bati lenye matundu ya risasi tangu wakati wa vita, minazi minne na choo. Jumla haikufika hata nusu ya niliyoitaka mimi.

Nilikwenda kwa Bi Awa kumtuliza, nikijua atakuwa na hasira. Hakuwa nayo. Alisema atakopa kidogo, kiasi cha friza moja ya samaki, na biashara ikisimama ataongeza. Nikamweleza kwamba anaipoteza bahati ya maisha. Akaniambia: "Mwanangu, nyumba hii nishaikimbia mara moja kwa ajili ya vita. Sitaki kuikimbia tena kwa ajili ya benki." Nikakunja fomu yangu nikaondoka bila sahihi, jambo ambalo kwa muuzaji ni ajali kazini.

5. Ana kiburi. Nilipomweleza shida zangu kwa upole, alinijibu mbele ya mlinzi: "Kaka Jamaldine, mimi napima nyumba. Kamisheni yako jipimie mwenyewe." Sasa nasikia ameomba dawati lake liondolewe kwetu mauzo, na kwamba bosi wangu asiwe bosi wake. Tukimkubalia huyu, kesho kila mpimaji nchini atataka kusema alichokiona.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Kwanza, tepu ya benki ikae kwenye droo yangu, na funguo niwe nazo mimi. Pili, mthamini naye alipwe kamisheni, macho yake yapate moyo wa kuona vizuri. Tatu, utaratibu huu ukifaa, upelekwe hospitalini, mpima malaria awe anauliza kwanza mgonjwa anataka jibu gani, na kwenye mizani ya soko, muuza samaki awe ndiye anayesema kilo. Nne, Dona Cristina ahamishiwe Nhica do Rovuma, akawathamini viboko wa mtoni, ambao hawana haja ya mkopo.

Nisalimie wote hapo makao makuu, wa mikopo, wa madeni, na dada wa mapokezi aliyewahi kunikatia simu mara tatu. Sisi huku wazima, isipokuwa takwimu za mwezi.

Wako mtiifu katika mauzo,
Jamaldine Nazir

N.B. Bwana Mkurugenzi, uhamisho huo usiharakishwe. Mama yangu mzazi, aliyeko Olumbi, anatakiwa kutia sahihi Jumatatu mkopo wa kampuni nyingine, ambayo muuzaji wake alikuja na mthamini wake mwenyewe kwenye gari moja. Mama anasema yule mthamini hakushuka, alipiga picha kupitia dirishani, na akaisifia nyumba kuliko marehemu baba alivyowahi kuisifia. Nakuomba sana, kwa siri, umruhusu Dona Cristina aende Jumamosi, nauli nitatoa mimi. Asiambiwe ni kwa mama yangu, wala asiambiwe bei. Karatasi yao inasema vyumba vitano. Mimi nimezaliwa mle ndani, Bwana Mkurugenzi. Ni viwili.