Hofu ya Magipai

Jumanne, 5 Septemba
Nimekwenda kliniki ya saikolojia ya chuo kikuu. Ushauri huko ni wa bei ya samaki na chipsi, kwa kuwa watoao bado ni wanafunzi. Binti yangu Robyn ndiye aliyenisukuma. Tarehe 17 mwanawe anabatizwa ng'ambo ya mto Fitzroy, nami tangu Pasaka siwezi kuvuka daraja, hata kwa basi. Siku ile mikono iliganda kwenye usukani katikati kabisa, lori la ng'ombe likinipigia honi nyuma.

Mwanafunzi anaitwa Tamsin. Mpole. Lakini ukutani pana kioo cheusi, na nyuma yake mwalimu wake anatutazama. Mimi, niliyejenga madaraja maisha yangu yote, nikiri hilo mbele ya kioo? Nimesema naogopa magipai, wale ndege weusi na weupe wanaodonoa watu vichwa kila Septemba.

Jumanne, 12 Septemba
Tamsin hana mzaha. Ameanza kwa picha. Kisha unyoya. Kisha amenipeleka nje, chini ya mkalitusi wenye kiota. Nimevaa ndoo ya aiskrimu kichwani, macho yamechorwa kisogoni ili kumzuga ndege. Hakuzugika. Amenidonoa sikio. Sasa namwogopa kweli.

Tuliporudi chumbani, akinibandika plasta, Tamsin akasema, "Mzee Clive, ndege umemkimbia, sawa. Ila ulipotaja ubatizo wa ng'ambo ya mto, ulikamata kiti kama kinazama. Twende darajani pamoja? Hatua chache tu."

Nilitaka kukubali. Neno lilifika ncha ya ulimi. Mtu akakohoa nyuma ya kioo. Nikasema madaraja nimeyajenga, siyaogopi.

Jumapili, 17 Septemba
Nimevaa suti. Nimefika kwa gari mguuni pa daraja. Nimekanyaga breki. Nimekata kona, nimejificha kituo cha petroli.

Robyn amepiga simu. Kasisi alikuwa anangoja. Nimesema magipai amenishambulia tena.

"Baba, nasikia malori," amesema. "Basi tunambatiza."

Nimekaa garini tu. Kanisa linaonekana kutoka pale.

Jumatatu, 18 Septemba
Nimepiga simu kliniki. Nimemwambia Tamsin hofu ya ndege imekwisha, sasa naogopa nyoka. Amesema vizuri sana, chuo kina chatu mpole, ila anafugwa ng'ambo ya mto.

Nimesema nimekosea. Ni buibui.