Mwenyekiti wa Albamu ya Roki

Jumatatu, 8 Septemba

Nimekasirika hata chai imenishinda. Albamu hii ni wazo langu. Mimi ndiye niliyezunguka Njoro, Molo na Gilgil nikisaka bendi za roki zinazofanyia mazoezi kwenye magereji na mabanda ya kuku. Nimepata sita, pamoja na yangu. Mimi ndiye mwenyekiti wa kamati. Leo Kipngetich wa Njoro, mtu anayevaa miwani ya jua ndani ya nyumba, anataka wimbo wake ufungue albamu! Eti ana wafuasi. Wafuasi gani? Binamu zake.

Wimbo wa kwanza ni wangu, "Bondeni Hatulali". Mama ameshatangaza kanisani na watu wakapiga makofi. Siwezi kumwaibisha.

Alhamisi, 11 Septemba

Dawa ya Kipngetich nimeipata. Kamati imekutana kwenye gereji ya Kabiru, mpiga ngoma wangu, katikati ya Peugeot mbili zisizo na injini. Baada ya maombi nikatangaza kwamba albamu ina nafasi ya nyimbo tano tu. Uongo mtupu. Nikapendekeza tusikilize mwanzo wa kila wimbo, sekunde ishirini, bila majina, halafu kila bendi ipige kura moja ya siri. Utakaokataliwa na wengi utoke.

Gitaa la Kipngetich nalijua. Halijawahi kukaa sawa tangu alinunue. Nitalitambua hata usingizini.

Wachuka, katibu wetu, mwimbaji wa bendi ya Milimani, aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikamwambia aandike. Akaandika: azimio limependekezwa na mwenyekiti, limeungwa mkono na Kipngetich. Mjinga amejichimbia kaburi. Nikasaini.

Jumamosi, 13 Septemba

Mathenge, fundi wa sauti aliyeturekodi sote, alikuja na spika yake ya kwaya. Wimbo wa kwanza, sawa. Wa pili na wa tatu, wastani. Wa nne ukaanza, gitaa likilia kama geti lenye kutu. Nikamjua mtu wangu papo hapo.

Nilisimama. Nilisema mpigaji huyo arudishwe shamba akapalilie viazi. Nilisema ni aibu kwa Bonde la Ufa zima. Kabiru alinikanyaga mguu mara tatu, nikadhani anafurahi. Kipngetich alisema tu, "Tuko sawa, boss." Wachuka aliandika kila neno.

Kura sita kati ya sita. Nje! Bado nilikuwa napiga makofi Mathenge alipoanza kusoma majina.

Kabiru akaniinamia sikioni: "Boss, hiyo ya nne ni yetu."

Jumapili, 14 Septemba

Nina hasira na kila mtu mwenye masikio. Mathenge ameharibu rekodi makusudi. Nilimpigia, akaniapia kwamba hakugusa kitu, na kwamba gitaa langu alilipunguza sauti kidogo kwa huruma. Nikampigia Wachuka, nikakiri kwamba nafasi ya sita ipo. Akanisomea kumbukumbu za mkutano: nafasi tano, sahihi ya mwenyekiti. Akanisomea na viazi.

Baada ya ibada Mama aliniuliza nimewakosea nini watu hawa hadi wote sita wanikatae. Alikuwa karibu kulia. Nilishindwa kumwambia kwamba kura mojawapo ilikuwa yangu. Nikasema ni wivu.

Jumatano, 17 Septemba

Nimefikiri kwa utulivu siku tatu. Sina kosa lolote. Kosa lilikuwa kuwa na bendi nyingi.

Nimeanzisha albamu nyingine: ya nyimbo zilizokataliwa. Mwenyekiti ni mimi. Nimeshapata bendi mbili, yangu na ya Kipchirchir wa Subukia. Yake haijawahi kukataliwa na mtu, lakini nimemvumilia. Mama ameshatangaza kwa majirani.

Jioni hii Kipchirchir amenipigia. Ati wimbo wake ndio ufungue albamu. Nilijizuia. Nikamwambia kwa upole kabisa kwamba albamu ina nafasi ya wimbo mmoja tu, na Jumamosi tutapiga kura ya siri.