Yah: Ratiba Yako ya Kupitia Mizizi kwa Gari la Kukodi

Oberwiesbach, milimani Hunsrück
Mwezi Mei, wiki ya kupanda maharage

Ndugu yangu Valmor Kneip,

Umeandika: "Oberwiesbach ni kijiji kidogo, kwa hiyo muda wa saa mbili na nusu, pamoja na chakula cha mchana, utatutosha kabisa kuiona mizizi yetu."

Si kweli. Nimebishana na gazeti la wilaya hii kwa zaidi ya nusu ya umri wangu, kuhusu mitambo ya upepo, kuhusu kufungwa kwa shule, kuhusu paroko aliyetaka kuuza kengele, na sijawahi kukutana na sentensi moja iliyobeba makosa mengi kama hii. Kijiji ni kidogo, hilo nakubali. Ukipiga chafya kona ya juu, unaombewa afya kona ya chini. Lakini mizizi haionwi kwa kupita. Huchimbwa. Anayepita juu yake kwa gari la kukodi ataona majani, na pengine kuku.

Kwa hiyo, kwa heshima zote zinazomstahili mjukuu wa Alois, yule Alois aliyekuwa ndugu wa babu yangu Matthias, naleta malalamiko yangu nikiwa nimeyapa namba, usije ukasema huko Brazili kwamba ndugu zako Wajerumani wamepoteza hata mpangilio.

Kwanza, safari yenyewe. Mnatua Frankfurt Jumapili asubuhi, mnachukua gari, mnafika kwetu kabla ya mchana, mnakula, mnaondoka. Jioni mko Strasbourg. Kisha Paris siku nne, kwa ajili ya ule mnara. Kisha mnashuka Veneto kwa mababu wa mkeo Ivonete upande wa baba, halafu mnapanda hadi Poland kwa upande wa mama yake. Umepitisha kalamu nyekundu juu ya milima ya Alpi kana kwamba ni matuta ya viazi. Sina ugomvi na Veneto wala Poland. Huko nako kuna watu wanaochungulia dirishani wakingoja wageni. Naomba tu unieleze jambo moja. Kati ya mababu wote mnaokwenda kuwaona, ni nani aliyezaliwa ndani ya ule mnara?

Alois aliondoka hapa mwaka 1924 akiwa na sanduku la mbao na vitunguu mfukoni. Wewe unarudi kwa muda ambao yeye aliutumia kumngoja daktari wa bandarini amchungulie macho.

Pili, kaburi. Umeomba uoneshwe kaburi la Katharina, mama yake Alois, ili wewe upige magoti na Ivonete apige picha. Ombi la adabu. Ubaya wake ni kwamba kaburi hilo halipo. Kwetu, Valmor, hata marehemu ni mpangaji. Anapewa kipande chake kwa miaka thelathini hivi, kisha ama familia iongeze muda, ama jiwe ling'olewe na mahali pale apewe mwingine. Muda wa Katharina uliisha nilipokuwa msichana. Sasa pamelala mwalimu wa kwaya, mtu wa Koblenz, asiye na undugu na yeyote hapa na ambaye hata kwaya yenyewe haikumpenda. Kila kiangazi wanatufikia watu wa ng'ambo wenye maua mikononi. Wanazunguka makaburini, hawaoni kaburi lolote la zamani, wanatugeukia na kututazama kana kwamba tumewala bibi zao.

Mwenyekiti wetu wa kijiji, Edgar Lorsbach, aliposikia kwamba na wewe unakuja kuuliza kaburi, aliona aibu ya kijiji kizima, akaja jikoni kwangu na ufumbuzi.

"Roswitha, pale ukutani lipo jiwe la Kneip. Mpeleke hapo. Kneip ni Kneip, atajuaje?"

Jiwe lile ni la Eduard Kneip. Limebaki kwa sababu watoto wake huongeza muda kila unapoisha. Ni watu wasiopenda kuachia ardhi, na hilo walilirithi. Eduard ndiye aliyekuwa akilihamisha jiwe la mpaka katika shamba la juu, hatua moja kila masika, mpaka Alois akabaki na kipande kisichotosha kuoa wala kufuga mbuzi. Ndiyo maana akaenda Brazili. Nikamwambia Edgar kwamba anataka kumpigisha mtu magoti mbele ya aliyemfukuza babu yake. Edgar akafikiri, akamaliza kahawa yangu, akasema, "Basi amshukuru. Kule si wana mashamba makubwa?"

Hao ndio viongozi tunaowapigia kura.

Tatu, chakula. Umeomba mle kile "walichokula wazee wetu", na ukataja kwa jina ile nyama ya kuchoma juu ya moto wa kuni, iliyolazwa na vitunguu usiku kucha. Keti, ndugu yangu. Nyama hiyo, kwa jinsi wazee wa huku wanavyosimulia, ililetwa na vijana waliokwenda kuchimba vito kwenu Brazili, wakarudi na vito vichache na namna ya kuchoma nyama. Wewe unavuka bahari kuja kula chakula cha jirani yako. Walichokula wazee wetu ni viazi. Siku ya sikukuu, viazi vilivyokunwa. Na mwaka Alois alipoondoka, hata hivyo vilikuwa vya kuhesabu.

La nne na la tano nayaunganisha, kwa kuwa yalinipandisha presha siku moja. Umechapisha fulana za familia zenye nembo ya simba mwekundu ameshika upanga, na umetutumia za saizi zote. Ukoo wetu ulichonga viatu vya mbao. Kama tulistahili nembo, ingekuwa kiatu, na pembeni yake mtu anayekohoa. Halafu, bado simba hajakauka, ukanijulisha kwamba utarusha ndege ndogo ya kupiga picha juu ya mapaa yetu. Jumapili. Mchana. Valmor, saa hiyo hapa kelele ni marufuku: hakuna anayekata majani, hakuna anayetupa chupa kwenye pipa, hata watoto hulia kwa kunong'ona. Jirani yangu Gerlinde Backes alimwitia polisi mumewe mwenyewe kwa sababu ya kugongomea msumari mmoja. Nilipomweleza habari za ndege yako, hakupandisha sauti. Aliuliza tu inaruka juu kiasi gani, na kama ufagio mrefu unaifikia.

Sasa la sita. Hilo ningependa ulisome umekaa, kwa sababu mimi mwenyewe naliandika nimesimama.

Ulimtumia mama yangu Hedwig salamu za sauti. Ulifanya hivyo bila kuniuliza. Ulimwita shangazi, ukamwambia mvua imewaharibia mahindi, ukamuuliza kama ule mti wa peasi nyuma ya ghala bado unazaa. Hujui ulichofanya. Wewe unasema lugha ya mlima huu kama Alois alivyoondoka nayo. Nyinyi huko mliiweka kama jamu kwenye chupa. Sisi huku tulikuwa nayo mezani kila siku, tukaila tukaimaliza. Sisi wa umri wangu tunaielewa, ila tunajibu kwa Kijerumani cha shuleni. Watoto wangu hawaielewi kabisa. Mtu wa mwisho aliyezungumza na mama lugha yake tangu asubuhi mpaka jioni alikuwa dada yake Irmgard, na Irmgard tulimzika mwaka juzi. Tangu hapo mama amekuwa mtu wa maneno machache. Daktari akasema ni umri. Nami nikamwamini daktari, kwa sababu ilikuwa rahisi.

Basi alisikiliza sauti yako mara moja, akataka tena, na tena, mpaka simu ikazima. Kisha akanitazama.

"Huyu ni wa kwetu. Wewe, mwanangu, unaongea kama redio."

Akauliza mtalala siku ngapi. Nikamwambia, mama, watakula na kuondoka, iko kwenye ratiba.

"Hapana," akasema. "Mtu hatoki Brazili akaja kula tu. Umesoma vibaya. Vaa miwani."

Nilivaa miwani, Valmor. Nilisoma tena. Na hapo ndipo nilipoanza kukuandikia barua hii, maana tangu siku ile mama hanyamazi. Anajiandaa. Anakata mboga huku akipanga atakuambia nini kwanza na nini baadaye. Jumapili iliyopita alinikalisha mahali pako mezani ili ajaribu. Alianza na siku Alois alipoondoka, kama alivyosimuliwa na Katharina. Nilitazama saa, kwa sababu mimi ni mtu wa ushahidi. Muda wako wa saa mbili na nusu ulipokwisha, mama alikuwa bado kwenye harusi ya wazazi wake, bi harusi hajatoka nyumbani, na yeye mwenyewe hajazaliwa. Na hatukuwa tumekula.

Huo ndio ushahidi wangu dhidi ya sentensi yako. Upinge kama unaweza.

Kwa sababu hizo zote, naomba rasmi kwamba msije. Fulana nitazirudisha. Nitakutumia picha za kijiji, zikiwa na kuku. Nitachota udongo wa shamba la juu, upande ule alioiba Eduard, niutie kwenye kopo la kahawa. Upigie magoti hukohuko kwako, kwa muda wowote ratiba itakaoruhusu. Mama nitamwambia gari limeharibika. Ataumia mara moja. Mkija na kuondoka kabla hajafika kuzaliwa kwake, ataumia kila Jumapili, na wewe utakuwa Paris, ndani ya lifti.

Wasalimie wote nyumbani: Ivonete, watoto, wazee wanaocheza karata baada ya misa, na hayo mahindi yaliyobaki. Edgar anakusalimu na anasema jiwe la Eduard bado lipo ukibadili nia. Gerlinde hakusalimu.

Ni mimi ndugu yako, kwa hasira na kwa damu,

Roswitha Kneip

N.B. Mama ameingia akanikuta naandika, akaniamuru nimsomee. Nimemsomea. Amesema barua ni nzuri, ila mwisho wake ni wa mtu asiyekuwa na akili, na nisipoongeza haya ataongeza mwenyewe.

Jiwe la Katharina lipo. Siku walipoling'oa makaburini ili likasagwe kuwa kokoto za barabara, mimi na mama tulilibeba kwa toroli, tukalisimamisha chini ya ule mti wa peasi. Ndiyo, mti bado unazaa. Wiki hii nimelisugua kwa brashi, herufi zinasomeka. Chumba cha Irmgard kimepigwa rangi na kitanda kimetandikwa; mapazia mapya yalikuwa wazo langu, mama asijisifu. Fulana ya simba anaivaa kulalia, na amekataa kuivua nikaifue.

Kwa hiyo Valmor, futa Paris. Futa zote nne. Mnara ule hauna shangazi. Na wewe dada Ivonete, ambaye natumaini ndiye mwenye akili katika nyumba hiyo: mkishazima gari tu, mchomolee ufunguo, mkabidhi mama. Yeye anajua pa kuuficha.